Mpime Ng'ombe Akishazaa, Usingoje Agome Kula

Haya ni mazungumzo yetu na kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Tumeyaandika hapa ili na wasomaji wengine wayasome na kuyajadili.

Tunajua kuna majani bado hayajakatwa, na ndama nyumbani wanasubiri. Sisi ni watu wa mifugo, na sisi wenyewe tunafuga. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi.

Tuanze kwa kuulizana. Ng'ombe gani huugua kwa sababu ana maziwa mengi? Msicheke. Yupo. Tena ni yule yule unayemsifu mbele ya jirani.

Ng'ombe akizaa salama, sisi sote hufurahi. Ndama amesimama. Kondo la nyuma limetoka. Maziwa yanajaa ndoo. Tunasema, "Ahsante Mungu, hatari imepita." Kumbe kuna hatari nyingine inayoanza siku zile zile. Haina kelele. Haina homa. Inaingia polepole, na sisi tunashtuka wakati maziwa yamekwisha pungua. Ugonjwa huo unaitwa ketosisi. Jina ni geni, basi tulisome polepole: ke-to-si-si.

Leo tunataka mkumbuke neno moja tu: kupima. Ng'ombe wa maziwa apimwe katika wiki mbili za kwanza baada ya kuzaa, hata kama anaonekana mzima.

KETOSISI NI NINI?

Hebu tufanye hesabu. Maziwa yana utamu wake, siyo? Utamu ule ni sukari. Katika kila lita moja ya maziwa kuna sukari kiasi cha gramu 45. Basi ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku hutoa gramu 450 za sukari. Hiyo ni karibu nusu kilo. Kila siku! Ni nani hapa anayeweza kununua nusu kilo ya sukari kila siku?

Na ng'ombe hanunui dukani. Anakula majani. Ndani ya tumbo lake kubwa kuna vijidudu vingi sana vyenye faida. Vijidudu hivyo vinayachachusha majani na pumba. Kinachopatikana humo huingia katika damu, kikafika kwenye ini, na ini ndilo linalotengeneza sukari. Sukari hiyo huenda kwenye kiwele kufanya maziwa.

Sasa tazameni shida inapoanzia. Baada ya kuzaa, maziwa hupanda mbio. Yanapanda kila siku mpaka kama wiki ya 4 hadi ya 8. Lakini hamu ya kula haipandi mbio hivyo. Inapanda polepole. Kwa hiyo ng'ombe anatoa kuliko anavyoingiza. Ni sawa na nyumba yenye matumizi makubwa kuliko mapato. Nyumba hiyo itafanya nini? Itakula akiba. Na ng'ombe hufanya hivyo hivyo. Akiba yake ni mafuta yaliyo mwilini. Anayayeyusha ili apate nguvu.

Kula akiba kidogo si vibaya. Kila ng'ombe mwenye maziwa hufanya hivyo. Lakini akila akiba nyingi kwa mara moja, ini linashindwa na kazi. Fikirini moto wa kuni mbichi. Moto upo, lakini moshi ni mwingi, na chakula hakiivi vizuri. Mafuta yakija mengi na sukari ikiwa kidogo, ini nalo hutoa "moshi" wake. Moshi huo ndio tunaouita ketoni. Ketoni zinaingia katika damu, katika mkojo, katika maziwa, hata katika pumzi.

Ketoni zikizidi, ng'ombe hapendi kula. Asipokula, anayeyusha mafuta zaidi. Akiyeyusha mafuta zaidi, ketoni zinazidi. Mnaona? Ni duara. Kazi yetu ni kulikata duara hilo mapema.

ILIYO WAZI NA ILIYOJIFICHA

Ketosisi iko ya namna mbili.

Ya kwanza ni ile iliyo wazi. Ng'ombe anaanza kuacha pumba na mashudu, chakula ambacho zamani alikuwa anakigombania. Majani anaendelea kuyachota kidogo kidogo. Maziwa yanashuka. Anakonda upesi, mgongo unatoka. Kinyesi kinakuwa kikavu na kigumu. Anasimama kama mwenye mawazo. Watu wengine wakimkaribia mdomoni husikia harufu tamu, kama matunda yaliyoiva mno au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Lakini msitegemee pua peke yake. Si kila mtu anaweza kuisikia harufu hiyo.

Mara nyingine ng'ombe huyo hufanya mambo ya ajabu. Analamba ukuta au ngozi yake bila kuacha, anatafuna mbao, anazunguka, au anapepesuka. Hapo maneno ya uchawi huanza. Jamani, si uchawi. Ubongo unakosa sukari. Ila angalieni sana: kichaa cha mbwa nacho humfanya ng'ombe abadilike tabia. Kwa hiyo ukiona mambo hayo usitie mkono mdomoni mwake. Mwite bwana mifugo au bibi mifugo kwanza.

Namna ya pili ni ketosisi iliyojificha. Hii ndiyo iliyotuleta hapa. Ng'ombe anakula, anacheua, anatembea. Ukimtazama huoni kitu. Lakini damu yake ina ketoni nyingi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hii ni mvua isiyo na mawingu. Inanyesha tu.

Je, inatokea sana? Tuwape mfano wa mbali. Huko Marekani, wataalamu walipima damu ya ng'ombe 1,717 katika mashamba manne makubwa, mara sita kila mmoja, tangu siku ya 3 mpaka ya 16 baada ya kuzaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Asilimia 43 walikutwa na ketosisi iliyojificha. Wengi walianza mapema, na siku ya 5 ndiyo iliyoongoza. Hao ni ng'ombe wa maziwa mengi kuliko wetu, na ulishaji wao ni mwingine. Hatusemi kwamba hapa kwetu hesabu ni hiyo hiyo. Ng'ombe wetu wa asili, yule mwenye nundu, ni nadra kuupata, kwa kuwa maziwa yake ni kidogo. Lakini ng'ombe chotara na wa kizungu tunaowafuga bandani wanaweza kuupata, tena kwa sababu nyingine iliyo yetu: njaa.

Ndiyo, njaa, hata hapa Rungwe penye kijani kibichi mwaka karibu mzima. Tutazame shina la mgomba. Tunalikatakata, tunalijaza horini, ng'ombe anakula mpaka tumbo linajaa. Lakini katika kilo 10 za shina la mgomba, zaidi ya kilo 9 ni maji. Amejaza tumbo, hajapata chakula. Ng'ombe aliyezaa wiki iliyopita akilishwa hivyo, lazima ale mwili wake mwenyewe.

HASARA YAKE NI IPI?

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja. Amempata kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mpango huo mnaufahamu. Unapewa mtamba mwenye mimba. Akizaa ndama jike, unamlea na kumtoa kwa jirani anayengojea zamu yake. Basi ng'ombe wa mama huyu amezaa dume. Deni bado lipo. Inabidi ng'ombe ashike mimba tena, na jirani anazidi kungoja.

Wiki ya kwanza ng'ombe anatoa lita 12. Wiki ya pili anashuka mpaka lita 10. Mama anasema, "Labda ni majani." Hajui kwamba ni ketosisi iliyojificha. Lita 2 zinapotea kila siku. Kwa siku 60 hizo ni lita 120. Zidisheni kwa bei ya maziwa kijijini kwenu, mwone ni fedha ngapi. Ni daftari na sare za watoto. Ni mafuta ya taa, ni chumvi, ni nauli ya kwenda hospitali.

Lakini hasara kubwa zaidi inakuja baadaye. Ng'ombe aliyepata ketosisi mara nyingi huchelewa kuingia joto, na akipandishwa huweza kukosa kushika mimba mara ya kwanza. Pia hupatwa kwa urahisi zaidi na ugonjwa wa tumbo la nne kuhama mahali pake. Sasa mama anangoja mimba, jirani anangoja mtamba, na mwaka unapita. Ugonjwa wa ng'ombe mmoja umezuia nyumba mbili.

JINSI YA KUPIMA

Kupima kuna njia tatu: mkojo, maziwa na damu.

Njia ya kwanza: mkojo. Hii ndiyo rahisi kwa mfugaji wa kijijini. Kuna vijiti vyembamba vyenye kipande cha rangi mwishoni. Ndivyo hivyo hivyo wanavyotumia hospitalini kuangalia ketoni katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Fuateni hatua hizi:

1. Nenda asubuhi, wakati ng'ombe anapoinuka. Ng'ombe wengi wakiinuka hukojoa. Uwe na kopo safi, lililokauka, lisilo na sabuni.

2. Asipokojoa, simama pembeni, usisimame nyuma moja kwa moja. Msugue taratibu kwa mkono chini ya uke, kwa kuzungusha vidole. Uwe na subira. Ng'ombe wengi huitika.

3. Acha mkojo wa kwanza umwagike kidogo, halafu kinga.

4. Chovya kijiti na ukitoe mara moja. Kung'uta matone.

5. Ngoja kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kichupa. Zihesabu. Usianze kupiga soga, kwa sababu rangi huendelea kukolea, na ukichelewa utasoma uongo.

6. Linganisha rangi na picha iliyoko kwenye kichupa.

Pima mkojo ukiwa bado wa moto. Ukiulaza mpaka jioni, ketoni hupungua na kipimo kitakudanganya. Na ukishamaliza nawa mikono kwa sabuni. Kama ng'ombe bado anatoa uchafu wa uzazi, vaa mipira ya mikono au mfuko safi wa plastiki, maana ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu kwa njia hiyo.

Sasa rangi zinasemaje? Rangi isipobadilika, hakuna ketoni za kutisha leo. Ikiwa ya waridi hafifu, ketoni zipo kidogo. Usihofu, lakini ongeza uangalifu wa chakula na upime tena kesho au kesho kutwa. Ikiwa ya zambarau iliyokolea, ketoni ni nyingi. Mwite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kwa nini tunasema rangi hafifu si ugonjwa moja kwa moja? Kwa sababu figo huchuja ketoni na kuzikusanya. Mkojo huwa na ketoni nyingi kuliko damu. Kwa hiyo mkojo huwahi kusema, na mara nyingine husema kwa sauti kubwa kuliko ukweli wenyewe.

Njia ya pili: maziwa. Kuna vijiti na unga wa kupimia maziwa. Ni rahisi, kwa kuwa kila mtu anakamua. Lakini maziwa yana ketoni kidogo kuliko damu, hivyo yanaweza kunyamaza wakati ng'ombe tayari ana shida. Unga ukigeuka zambarau kwenye maziwa, jueni hali si ndogo. Usipogeuka, msiseme kwa hakika kwamba ng'ombe ni mzima.

Njia ya tatu: damu. Hii ndiyo yenye kuaminika zaidi. Mtaalamu huchukua tone la damu, kwa kawaida kwenye mshipa wa mkia, na kuliweka katika mashine ndogo ya mkononi. Ni kama ile ya kupimia sukari ya watu, ila iwe ya aina inayopima ketoni pia na iwe na vijiti vyake. Namba inatokea baada ya sekunde chache. Ikiwa chini ya 1.2, ng'ombe yuko salama. Ikiwa 1.2 au zaidi, ana ketosisi, hata kama anaonekana mzima. Ikifika 3.0 na kupita, mara nyingi utaziona dalili kwa macho.

Pimeni lini? Sisi tunashauri hivi: mara moja kati ya siku ya 3 na ya 7 baada ya kuzaa, na mara nyingine katika wiki ya pili. Baada ya hapo mpime tena wakati wowote akianza kuacha pumba, mpaka mwisho wa wiki ya 6. Kipimo cha siku moja si cheti cha mwezi mzima.

Na wafuatao wasikose kupimwa hata kidogo: aliyenenepa sana wakati wa kuzaa, aliyezaa mapacha, aliyezaa mara ya tatu na kuendelea, aliyechelewa kutoa kondo la nyuma, na aliyewahi kuugua ketosisi katika uzazi uliopita.

USICHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Hapa kwetu ng'ombe akigoma kula, neno la kwanza ni "ndigana." Halafu sindano inatafutwa dukani. Tusifanye hivyo. Chukueni kwanza kipimajoto. Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na nusu. Ndigana kali huja na homa ya kupita nyuzi 40, na tezi huvimba. Ketosisi peke yake haileti homa. Sindano ya kuua vijidudu haiponyi ketosisi. Utakuwa umetupa fedha, na siku zinakwenda.

Homa ya maziwa nayo ni kitu kingine. Hiyo humwangusha ng'ombe chini, zaidi katika siku 3 za kwanza, masikio yakiwa ya baridi. Anakosa madini ya kalisi. Asicheleweshwe hata saa moja.

Tena kumbukeni kwamba ketosisi inaweza kuja pamoja na ugonjwa mwingine. Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba au kizazi kilichooza hali vizuri, na asipokula anapata ketosisi juu yake. Kwa hiyo mwenye ketoni akaguliwe mwili mzima.

AKIKUTWA NAYO, TUFANYE NINI?

Dawa inayotumika sana ni propilini glaikoli. Ni maji mazito yenye utamu. Yakinyweshwa, ini huyageuza kuwa sukari. Kwa ng'ombe mkubwa kipimo cha kawaida ni mililita 300 kwa siku, mara moja, kwa siku 3 hadi 5. Kwa ng'ombe mdogo muulize mtaalamu kiasi. Aliye mgonjwa sana mtaalamu huweza kumtia maji ya glukosi kwenye mshipa. Kazi hiyo si ya mfugaji.

Unapomnywesha, usimwinue kichwa juu sana. Mimina polepole pembeni mwa mdomo na umwache ameze. Dawa ikiingia mapafuni inaweza kumuua.

Tena tahadhari kubwa! Msinyweshe maji ya rejeta ya gari kwa kusikia kwamba jina lake linafanana na la dawa hii. Maji yale huwa na glaikoli ya namna nyingine, nayo ni sumu. Nunueni dawa ya mifugo, katika duka la mifugo, yenye maandishi kwenye chupa. Sasa mnajua kusoma. Someni jina lote, wala msisome nusu.

Wapo wanaouliza, "Je, nikimpa sukari ya chai au soda?" Fedha hiyo inapotea. Vijidudu vya tumboni huila sukari hiyo kabla ng'ombe hajaipata. Mpeni majani mazuri mabichi yasiyokomaa, majani makavu mazuri, na pumba kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Maji yawepo wakati wote. Ng'ombe wa maziwa huweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Ndoo mbili hazimtoshi.

Na je, ugonjwa unaambukiza? La, hauambukizi ng'ombe wengine, wala watu. Lakini akiwa amepewa dawa nyingine, ulizeni maziwa yazuiliwe siku ngapi.

KUZUIA HUANZA KABLA YA KUZAA

Wafugaji husema ng'ombe hukamuliwa mdomoni. Sisi tunaongeza: mdomo huo utunzwe kabla ndama hajazaliwa.

Mwacheni ng'ombe apumzike kukamuliwa kwa siku 60 kabla ya kuzaa. Azae akiwa na mwili wa kati, si mifupa mitupu, wala si mnene wa kubingirika. Mnene sana hula kidogo baada ya kuzaa na huyeyusha mafuta mengi. Katika wiki 3 za mwisho, anzeni kumpa pumba zilizochanganywa na mashudu, kilo 1 kwa siku, muongeze polepole mpaka kilo 2 au 3. Vijidudu vya tumboni vinazoea. Akizaa, endeleeni kuongeza kidogo kidogo kadiri maziwa yanavyopanda. Msimrundikie siku moja, maana tumbo litachacha. Mgomba uwe wa kusaidia wakati wa shida, usiwe chakula chake. Wapandeni matete na majani ya guatemala ya kutosha, pamoja na miti ya malisho kama lukina.

Hapa tuna neno kwa akina baba. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayekata majani na kukamua. Yeye ndiye anayeona wa kwanza kwamba ng'ombe ameacha pumba. Lakini fedha ya pumba na ya dawa mara nyingi iko kwa baba. Mama akisema leo, "Ng'ombe hali," na baba akajibu, "Tutaona mwisho wa mwezi," ugonjwa hausubiri mwisho wa mwezi. Zungumzeni mapema. Tengeni fedha ya pumba za mwezi ule wa kuzaa kabla ng'ombe hajazaa, kama mnavyotenga mbegu.

Na kwa kikundi tuna shauri. Kichupa kimoja cha vijiti huwa na vijiti vingi, kwa kawaida 50 au 100. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuvimaliza kabla havijaharibika. Basi nunueni kichupa kimoja kwa pamoja. Chagueni mtu mmoja mwaminifu akitunze mahali pakavu, pasipo jua wala joto, kifuniko kikifungwa sana kila mara. Asitoe kijiti kwa mkono wenye maji. Asome tarehe ya mwisho. Na awe na daftari lenye mistari minne: jina la mfugaji, siku ng'ombe aliyozaa, siku aliyopimwa, rangi iliyoonekana. Daftari hilo bwana mifugo akilisoma, ataelewa haraka kuliko kwa maneno ya kusimuliwa.

Ndugu wafugaji, kupima si kazi ya wenye mashamba makubwa peke yao. Mwenye ng'ombe mia akipoteza mmoja, amebaki na tisini na tisa. Mwenye ng'ombe mmoja akimpoteza, amebaki na kamba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ng'ombe mwenye maziwa mengi hupata ketosisi kuliko mwenye maziwa kidogo?
2. Katika kijiji chetu, ni ng'ombe wangapi watazaa katika miezi miwili ijayo? Nani atawapima?
3. Kipimo cha mkojo na kipimo cha maziwa vinatofautianaje?
4. Ng'ombe ameacha pumba siku ya 9 baada ya kuzaa. Hana homa. Tutafanya nini kwanza, na nini baadaye?
5. Tutaanzaje kununua na kutunza kichupa cha kikundi?